Mlango wa Mbele wa Keldrigg

Kiti cha choo kililetwa Jumanne asubuhi kwa gari la hospitali, na kwa kuwa kisingeweza kupandishwa ngazini, kikawekwa palepale chini, kati ya meko na kabati la vyombo. Kilikuwa cha chuma, na ndoo ya plastiki chini ya kikalio na mfuniko wa rangi ya maziwa. Dereva alikijaribu kwa mkono kama anavyojaribiwa ng'ombe mnadani, akasema, "Kila la heri, mama," akaenda zake.

Edna Sunter alikuwa kwenye kochi, nyonga yake imefungwa, anakitazama.

"Basi ndiyo hicho," alisema. "Miaka yote hii naoka mikate chumba hiki. Leo kimekuwa msala."

"Nitatundika shuka," alisema Wilf, mumewe.

Akatundika kweli, shuka kuukuu la maua, kwenye kamba aliyoikaza toka msumari wa saa ya ukutani hadi kwenye kulabu ya dari walikokuwa wakining'iniza nyama ya nguruwe. Likasitiri upande mmoja. Upande wa mlango wa nyuma halikusitiri kitu, maana kamba haikufika.

Bonde letu halina desturi ya kubisha hodi. Mtu huingia kwa mlango wa nyuma na kuja moja kwa moja hadi mekoni, buti zina tope, na salamu huitoa akishafika ndani. Ndivyo alivyofanya Ned Harker, jirani wa shamba la juu, siku ileile, alipokuja kuulizia kondoo dume. Alifungua mlango, upepo ukaingia naye, shuka likapanda juu kama bendera. Edna alikuwa amekaa.

Ned alivua kofia. "Habari za asubuhi, Edna."

"Nzuri, Ned. Funga mlango."

Ned, kwa kuchanganyikiwa, akaufunga akiwa yeye mwenyewe bado ndani. Halafu akageukia ukuta, akaanza kuieleza saa habari za kondoo dume: pembe zake, kwato zake, ukoo wa mama yake. Alimaliza ukoo wote. Aliposikia mfuniko umegonga, akasema, "Basi nitarudi Wilf akiwepo," akatoka bila kofia yake.

Edna alicheka mpaka nyonga ikamuuma. Kisha akajifunika uso kwa taulo la vyombo, na mumewe aliporudi toka zizini, Edna hakumwambia alichokuwa akikifanya chini ya lile taulo.

*

Nyonga aliivunja kwenye ngazi. Ngazi za Keldrigg, nyumba ya akina Sunter, ni za mawe, zinazunguka ndani ya kibanda kilichoegemezwa mgongoni mwa nyumba, na kila kipandio kimechimbika katikati kama bakuli, kwa miguu ya watu waliokwisha kuzikwa. Bafu na choo viko juu. Vyumba vya kulala viko juu. Hospitali walimpa fimbo ya miguu minne, wakamfundisha kwenda hatua chache, wakahitaji kitanda chao, wakamrudisha nyumbani kama furushi. Hakuna aliyeuliza nyumba yenyewe ikoje.

Jioni alikuja Hazel, binti yao wa pekee, ambaye anauza dawa dukani kule mjini.

"Nimewapatia nyumba," alisema kabla hata ya kuvua koti. "Ya halmashauri. Haina ghorofa. Choo hatua mbili toka kitandani, joto kila chumba, vyuma vya kushikilia kila ukuta."

"Tunayo nyumba," alisema Wilf.

"Baba, mama anajisaidia jikoni."

"Hapa si jikoni. Hapa ni nyumbani."

"Hata kama ni ikulu! Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Wakilikosa wanampa mwingine, na foleni ni ndefu."

"Kondoo nitawaweka chumba kipi?"

"Wauze."

Wilf alimtazama mwanawe kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. Kisha akasimama, akaenda kwenye ukuta wa kaskazini, akaupiga kiganja. Nyuma ya ukuta huo kuna chumba cha maziwa, chenye ubaridi mwaka mzima, na meza za mawe ambazo mama yake Wilf alikuwa akigandishia jibini. Siku hizi kina makopo ya rangi na dawa za kondoo. Kina mlango wa nje tu, wa kupitia uani.

"Nitatoboa mlango hapa," alisema. "Kitanda kitakaa mle, choo kitakaa mle. Mama yako atatoka mekoni ataingia kulala bila kupanda hata kipandio kimoja."

"Hawatakuruhusu. Nyumba imo kwenye orodha ya majengo ya kale."

"Orodha hiyo aliniuliza nani?"

Hakuna aliyemuuliza, na hapo Wilf alisema kweli. Mimi nawajua hao wakubwa. Niliwahi kuwangoja waamue jambo la mke wangu, na walipomaliza kuamua hakuwapo tena wa kuamuliwa.

*

Hao watu wa majengo ya kale, kama hamjakutana nao, wako hivi: paa likivuja, hawapo. Kigae cha jiwe kikiteleza na kumkosakosa mtoto kichwa, hawapo. Lakini gusa dirisha lako mwenyewe, utawaona wamejaa uani kama inzi kwenye kidonda. Wanakaa kwenye ofisi yenye choo kila ghorofa, wanakuja kumwambia mwanamke mwenye nyonga iliyovunjika kwamba ukuta wake ni mali ya taifa.

Walimtuma binti mmoja, Bi Lovell, mwenye tochi na buti mpya. Aliukaribia ukuta wa kaskazini, akauwekea kiganja polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe mwenye mimba. Akainama, akamulika, akagongagonga.

"Mzuri sana huu," alisema.

"Tunajua," alisema Wilf.

"Kuta hizi ni mbili, Bwana Sunter. Moja ya ndani, moja ya nje, na katikati wamejaza kokoto na udongo. Zimeshikamana kwa mawe marefu tu yanayopita toka upande huu hadi ule."

"Nimezaliwa humu, bibi. Nimezipanga kuta za namna hiyo tangu sijaota ndevu."

"Basi utaelewa. Huu ndio uliobeba dohani. Uzito wote wa bomba la moshi uko hapa. Siwezi kukuruhusu."

"Umebeba dohani," alisema Wilf. "Na mke wangu nani atambeba?"

Binti alibadilika rangi. Alimtazama Edna, halafu akaona shuka la maua, halafu akaona kilichokuwa nyuma ya shuka. Macho yake hayakujua pa kukimbilia.

"Sikuja kumtesa mama," alisema taratibu.

"Wala hukuja kumsaidia."

"Wilf," alisema Edna. "Mpe mtoto wa watu chai."

Alikunywa akiwa amesimama. Akala keki na kipande cha jibini, akasifu keki, na kweli alikula kama mtu aliyetoka bila kifungua kinywa. Alipomaliza alionyesha mlango ulio upande wa pili wa meko.

"Na kule?"

"Sebuleni."

"Naweza kuona?"

Wilf akaufungua. Ikatoka harufu ya nta ya fanicha na masizi ya kale. Chumba ni kikubwa kuliko kile cha meko. Sakafu ya mbao, meza ndefu katikati, viti vya mgongo mrefu vimepangwa ukutani, Biblia ya ukoo, picha za Sunter waliotangulia, wote wamekunja uso. Madirisha yanatazama kusini, kila moja limegawanywa kwa viguzo vya mawe, na jua lilikuwa limeingia lote, limelala juu ya meza bila mtu wa kulitumia. Mwisho wa chumba kuna mlango wa mbele, na baa yake ya chuma.

"Lo! Chumba kizuri," alisema Bi Lovell. "Mnakitumia kwa nini?"

Wilf na Edna wakatazamana.

"Ni sebule," alisema Wilf.

"Ndiyo, lakini mnakitumia kwa kazi gani?"

"Nimeshakwambia, bibi. Ni sebule."

Bi Lovell akashukuru kwa keki, akaondoka.

"Shule zote zile," alisema Wilf akikung'uta makombo mezani, "na hajui sebule ni nini."

Edna alikuwa bado anautazama ule mlango walioufunga.

*

Hazel aliwapeleka mjini kuiona nyumba ya halmashauri. Wilf alimbeba Edna hadi garini, na kule akaingizwa kwa kiti cha magurudumu cha kuazima, akazungushwa vyumba vyote, na safari haikuchukua muda. Kulikuwa na taa hata ndani ya kabati.

"Sikieni joto hilo!" alisema Hazel.

Walichosikia ni jirani wa upande wa pili akikohoa. Wilf aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia kama boksi la viatu. Akagonga tena, na jirani akagonga pia kujibu.

"Baba, acha."

"Nilitaka kujua kama kuna ukuta."

"Pazuri, mwanangu," alisema Edna. "Pasafi."

Walipofika garini, Wilf akihangaika kukunja kiti cha magurudumu ambacho hakikutaka kukunjika, Edna alimshika binti yake mkono. "Waambie nakubali."

Kiti kikamponyoka Wilf.

"Sitaki kukaa hapa," alisema Edna. "Lakini wiki nzima natazama mlango wa nyuma nikiomba usifunguliwe. Mtu hawezi kuishi hivyo kwake. Afadhali nikakohoe na yule bwana."

Njia nzima ya kurudi Wilf alitazama kondoo wa watu wengine.

*

Kesho yake, baada ya kuwalisha mbwa, aliingia na mtaimbo na nyundo.

"Wilf," alisema Edna kutoka kwenye kochi. "Wilf, hapana."

"Jiwe moja tu. Nione pakoje."

Alikwangua chokaa, akaingiza ncha ya mtaimbo, akaegemea. Jiwe lilitoka kirahisi, kama jino la mzee. Na nyuma yake ule ujazo ukaanza kumwagika: udongo, kokoto, mfupa wa kondoo, ukimiminika sakafuni kama mahindi kwenye gunia lililotoboka, wala haukutaka kwisha. Halafu juu, ndani ya ukuta, kitu kikaguna. Dohani ikakohoa. Masizi yakashuka mekoni kwa kishindo pamoja na kiota kizima cha ndege, wingu jeusi likajaa chumba, na moto ukafukuta na kutema moshi.

Wilf alilirudisha jiwe, akageuka, akauwekea ukuta mgongo wake kama mtu aliyezuia mlango wa zizi.

"Usisogee!" alipiga kelele.

"Nisogee wapi, na nyonga hii?"

Wakangoja. Kokoto kadhaa zikaanguka, kisha moja, kisha basi. Ukuta ulibaki umesimama. Vumbi lilipotulia Wilf aliachia pole pole, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa kile cha choo.

Edna alikuwa mweusi toka nywele hadi vidole, yanaonekana macho tu.

"Wilf."

"Mm."

"Kwa nini nisilale sebuleni?"

"Sebuleni?"

"Hakuna ngazi. Kuna jua. Bafu liko juu ya dari ileile, bomba litashuka tu."

"Sebuleni, Edna?"

"Usirudie kama kasuku."

Wilf alijifuta uso, akazidi kujipaka masizi. "Mle ndimo alimolazwa mama."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwosha."

"Na baba."

"Na baba yako, na babu yako kabla yao, pale pale juu ya meza. Lakini wote walikuwa wameshakufa, Wilf. Mimi sijafa. Nina masizi tu."

Huenda mkacheka, na mna haki. Wiki nzima wamepigana na serikali kwa ajili ya chumba, na chumba bora cha nyumba kiko pale, ukuta mmoja tu kati, kimepigwa nta. Lakini Edna na Wilf hawakuwa wajinga. Bonde zima lingefanya vilevile. Sebule si ya kukaa. Moto wake huwashwa Krismasi, na siku jeneza linapowekwa mezani watu waje kuaga. Kasisi hukaribishwa humo, akakaa ukingoni mwa kiti na kikombe chake. Na mlango wake wa mbele una wenyewe wawili tu: bibi harusi anayeingia na maiti anayetoka. Sisi wengine sote, na daktari, na mfanyabiashara wa kondoo, tunapita nyuma. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kufikiri kwamba inaweza kuvunjwa.

"Kuna nini?" aliuliza Edna. "Sema."

"Nikikuingiza mle," alisema Wilf, akitazama mikono yake, "naogopa. Njia ya kutokea mle ni moja."

Moto ulitema moshi kidogo. Edna alipozungumza hakuwa na mzaha tena.

"Mimi niliingia kwa mlango ule. Siku ya harusi, na viatu vya kuazima vinanibana. Tangu siku hiyo sijaupita. Lakini kila Jumamosi nakisugua kitasa chake, mpaka nimekimaliza maandishi. Nimewatumikia wafu wenu vya kutosha, Wilf Sunter. Na mimi nataka nikae kwenye jua."

Wilf aliinuka. Alichukua bakuli la maji ya moto na taulo, akapiga magoti mbele ya kochi, akaanza kumpangusa mkewe uso.

"Umelikwaruza sikio langu," alisema Edna.

"Tulia basi."

*

Bi Lovell aliitwa tena. Alisimama mbele ya ukuta wa kaskazini, akatazama jiwe lililokaa upande, akatazama lundo la udongo ambalo Wilf alikuwa amelifunika gunia.

"Panya?" aliuliza.

"Panya," alisema Wilf.

"Alikuwa mkubwa."

"Amezeeka. Harudii."

Binti akaandika kitu, akamwambia jiwe lijengewe kwa chokaa na asithubutu kutia saruji. Kisha akaingia sebuleni. Kwenye pembe, alisema, wangeweza kukata kijichumba cha mbao cha choo na beseni, na bomba lishuke kati ya mihimili ya dari, mradi kuta za mawe zisiguswe, maana mbao zitang'oka siku yoyote na nyumba isijue kama zilikuwepo. Siku hiyohiyo alikubali.

"Ungesema siku ile," alisema Wilf.

"Niliwauliza mnakitumia kwa nini."

"Hukuuliza sawasawa."

Namtetea Wilf hapo. Mtu anayelipwa mshahara kutazama nyumba za watu anaweza kuuliza mara mbili. Lakini Bi Lovell nampa haki yake: alimsaidia Hazel kubeba viti vya mgongo mrefu kupandisha juu, na buti zake zile mpya zikachubuka kwenye ngazi.

Hazel aliwapigia simu halmashauri, akawaambia nyumba wampe mwingine. Aliposhusha simu alimgeukia baba yake. "Mama akianguka tena, nitawauza wewe na kondoo pamoja."

"Utapata bei nzuri ya kondoo," alisema Wilf.

Meza ndefu haikupita mlango wowote. Iliundiwa humohumo ndani. Wakaisogeza dirishani, kitanda kikachukua mahali pake, na Edna akaamuru picha za wakunja uso zigeuziwe upande wa miguu, ili, alisema, waone mtu aliyelala akaamka.

Halafu ikajulikana kwamba kiti cha magurudumu hakipiti mlango wa nyuma. Ni mwembamba, na una vipandio vya kushuka uani. Palibaki mlango mmoja.

Ned Harker na Wilf waliukabili asubuhi ya kwanza ya ukavu. Baa iliganda kwa kutu, mbao zimevimba, rangi imeshikamana na fremu. Wakapaka mafuta, wakakata rangi kwa kisu. Ned aliegemea kwa bega.

"Mara ya mwisho tuliufungulia mzee wako," alisema akihema, "na hapo tulikuwa sita."

"Sukuma, usihutubie."

Ukafunguka kwa mlio wa nguruwe anayechinjwa. Edna akasukumwa juu ya kizingiti, akatoka, blanketi mapajani, akawekwa kwenye njia ya mawe katikati ya majani marefu. Wilf alikuwa amemshika bega, na hakumwachia. Edna aligeuza shingo, akaitazama nyumba yake usoni: dirisha juu ya dirisha, vigae vipana chini na vyembamba kileleni, kuvu za rangi ya chungwa ukutani.

"Kumbe nzuri," alisema. "Miaka yote naijua mgongo tu."

Ng'ambo ya mto, Dora Iveson alikuwa akianika nguo. Aliinua macho, akaona mlango wa mbele wa Keldrigg uko wazi. Aliangusha shati la mumewe matopeni, akaingia ndani kupiga simu.

Kabla ya adhuhuri walianza kufika. Wanaume wana tai nyeusi juu ya mashati ya kazi. Wanawake wana sahani zilizofunikwa. Kwa mazoea wote walizunguka nyuma, wakaingia hadi mekoni kwa nyayo za paka, wakakuta chumba kitupu, kochi halina mtu, kile kiti kimeondolewa, na wakaelewa walichoelewa. Dora ndiye aliyeukamata mkono wa Wilf alipotokea.

"Pole sana, ndugu yangu. Aliteseka?"

"Nani?"

"Ni nani huyo anayeulizwa kama aliteseka?" ilisikika sauti toka nje.

Dora alipita sebuleni mbio, akatokea mlango wa mbele, akasimama kizingitini na paja zima la nguruwe mikononi, limeokwa kwa karafuu kama la matanga yote ya bondeni. Edna alimtazama toka juani.

"Dora. Hiyo nyama ni yangu?"

"Ilikuwa... ndiyo, Edna. Ilikuwa yako."

"Basi ikateni ningali na meno."

Ikakatwa. Mwanzoni watu walisimama, sahani mkononi, wanakitazama kile kizingiti. Kisha Ned, aliyekuwa na njaa kuliko heshima, akakikalia. Mwingine akakaa ukingoni mwa kitanda. Watoto wakagundua kwamba nyumba sasa inapitika toka nyuma hadi mbele, wakaanza kukimbizana humo kama maji yaliyopata mfereji, na mzee mmoja mwenye tai nyeusi akakutwa amesinzia juani mbele ya dirisha, mdomo wazi. Edna alikula vipande vitatu na kuomba haradali.

Simu ya mekoni ikalia. Wilf aliipokea, akasikiliza, akaivuta waya yake mpaka mwisho, akasimama mlangoni.

"Ni kasisi," alisema. "Amesikia. Anauliza tumepanga siku gani."

Edna alinyoosha mkono, lakini waya haikufika. Basi akapaza sauti, na bonde zima likamsikia.

"Mwambie bado hatujapanga! Mwambie aje kula, apitie mbele!"